Charles Crocker, mkandarasi aliyejipa zabuni mwenyewe

Kila mjadala wa reli unapopamba moto mitandaoni, hachelewi kutokea mtu wa kutoa mfano wa Marekani. Mmoja atasema reli yao ya kwanza ya kuvuka bara ilijengwa na watu binafsi na serikali haikutia hata senti. Mwingine atamrukia: serikali ndiyo iliyotoa kila kitu, fedha na ardhi, bure kabisa, matajiri wakala. Wote wawili wanakosea, ingawa kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Njia nyepesi ya kuviunganisha vipande hivyo ni kumfuata mtu mmoja, Charles Crocker, muuza vitambaa wa Sacramento aliyepitia katika bunge la California, akageuka mkandarasi wa reli bila kuwa mhandisi, na akafa akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa magharibi ya Marekani.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno machache, kwa sababu kelele nyingi zinatokana na kuyachanganya. Kampuni ya reli ni mmiliki: ndiyo yenye kibali cha serikali, ndiyo itakayoendesha treni na kukusanya nauli. Mkandarasi ni mtu au kampuni inayolipwa na mmiliki kuchimba, kujaza vifusi, kutandika mataruma na kulaza vyuma. Kazi yake ikiisha, anachukua chake na kuondoka. Hisa ni kipande cha umiliki, kinachoweza kupanda thamani au kubaki karatasi tupu. Hatifungani ni karatasi ya deni: anayeitoa anaahidi kulipa riba kila mwaka na kurudisha fedha yote siku iliyopangwa. Na Marekani ina mabunge ya ngazi mbili. Kila jimbo lina bunge lake, na juu kuna Kongresi ya taifa zima huko Washington. Crocker alikuwa mbunge wa ngazi ya chini, ya jimbo. Tutaona kwa nini hilo si jambo dogo.

Alizaliwa 16 Septemba 1822 katika mji wa Troy, jimbo la New York. Alipokuwa kijana familia ilihamia Indiana, na huko alifanya kazi za mikono: shamba, kiwanda cha kupasua mbao, kisha ufuaji wa chuma, hadi akawa na karakana yake ndogo. Dhahabu ilipopatikana California alifunga safari ya nchi kavu pamoja na ndugu zake, akafika mwaka 1850. Uchimbaji haukumpa kitu cha maana. Akafanya kama walivyofanya watu wengi wenye akili ya biashara katika zama zile: akaacha kutafuta dhahabu, akaanza kuwauzia wanaoitafuta. Duka lake la vitambaa na nguo mjini Sacramento lilishamiri.

Mwaka 1855 aliingia katika baraza la mji. Mwaka 1860 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo kwa tiketi ya chama cha Republican, ambacho wakati huo California kilikuwa bado kichanga na hakikuwa na watu wengi. Hapa ndipo upotoshaji wa kwanza unapoingia. Utasoma kwamba Crocker alijitungia sheria ya reli akiwa bungeni. Sivyo. Sheria iliyotoa kibali cha reli ya kuvuka bara ilipitishwa na Kongresi na kusainiwa na Rais Abraham Lincoln tarehe 1 Julai 1862, na Crocker hakuwahi kukaa katika Kongresi. Alichokipata kwenye siasa ni watu. Ndani ya kile chama kidogo walikuwamo wafanyabiashara wenzake watatu wa Sacramento: Leland Stanford, muuza vyakula, na Collis Huntington na Mark Hopkins, washirika wa duka la vifaa vya chuma. Hawa wanne ndio waliokuja kuitwa Wanne Wakuu.

Angalia jinsi viti vilivyopangwa. Kampuni ya Central Pacific, iliyojenga upande wa magharibi wa reli hiyo, iliundwa Juni 1861, Stanford akiwa mwenyekiti wake. Miezi michache baadaye Stanford huyohuyo alichaguliwa kuwa gavana wa California, na akaendelea kuongoza kampuni akiwa gavana. Mwaka 1863 alimteua Edwin, kaka mkubwa wa Charles Crocker, kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, ilhali Edwin alikuwa pia mwanasheria wa reli. Mwaka 1864 bunge la jimbo likakubali kulipa riba ya sehemu ya hatifungani za kampuni. Sheria za wakati ule hazikuyazuia haya, na magazeti ya upinzani yaliyapigia kelele bila mafanikio makubwa. Mimi naona ni hapa, zaidi ya Washington, unapoielewa faida ya kuwa mwanasiasa wa jimbo: huhitaji kura yako mwenyewe ukishakuwa na rafiki katika kila ofisi.

Sasa fedha. Kila mmoja wa wale wanne alijiandikisha kuchukua hisa 150 za dola 100, lakini alitakiwa kuanza na asilimia kumi tu. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuhesabiwa kama mjenzi wa reli alianza kwa kutoa taslimu dola 1,500. Reli yenyewe ingemeza mamilioni.

Pengo hilo lilizibwa kwa mkopo wa serikali kuu. Kwa kila maili iliyojengwa, serikali iliikabidhi kampuni hatifungani za Marekani ambazo kampuni ingeziuza sokoni: dola 16,000 kwa maili ya tambarare, 32,000 kwa nyanda zilizo kati ya milima, na 48,000 kwa maili ya milimani. Riba ilikuwa asilimia sita, muda miaka 30. Tena hazikutolewa mapema. Kwa sheria ya 1862 kampuni ilipaswa kwanza kumaliza maili 40 kwa fedha yake ndipo ipate chochote, na sharti hilo likaja kulegezwa hadi maili 20. Ardhi kweli ilitolewa bure: viwanja vya mraba kandokando ya njia, kimoja kikitolewa na kinachofuata kikiachwa, jumla ekari 6,400 kwa kila maili, zikaongezwa maradufu mwaka 1864. Kwa hiyo anayesema "walipewa bure" yuko sahihi kuhusu ardhi na amepotea kuhusu fedha.

Sheria ya 1864 iliongeza jambo ambalo watu wengi hulipita juu juu, nalo ndilo lenye uzito. Kampuni iliruhusiwa kutoa hatifungani zake yenyewe kwa kiasi kilekile cha zile za serikali, na wanunuzi wake wakapewa haki ya kudai kwanza. Mambo yakiharibika, wao wangelipwa mbele na serikali ingesubiri nyuma yao. Mkopeshaji mkubwa alikubali kusogea hadi zamu ya pili. Nchi ilikuwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Lincoln alitaka California ifungamanishwe na majimbo ya Kaskazini yaliyokuwa upande wake, na wafanyabiashara wa Sacramento walijua hivyo.

Viwango vile vya maili vilizaa kisa ambacho Wamarekani bado wanakicheka. Milima ya Sierra Nevada inaanzia wapi? Swali la kijiolojia, ila lilikuwa na thamani ya dola 32,000 kwa maili, tofauti kati ya tambarare na mlima. Crocker alimchukua Josiah Whitney, mjiolojia mkuu wa jimbo, wakaenda kuangalia. Whitney akaridhia kwamba mguu wa mlima unaweza kuhesabiwa tangu kijito cha Arcade, maili saba tu kutoka Sacramento, mahali ambapo ukisimama unaona bonde tambarare. Hoja ilikuwa kwamba udongo mwekundu ulioporomoka kutoka milimani unaanzia pale. Lincoln akaidhinisha mapema 1864.

Turudi kwa mkandarasi mwenyewe. Tarehe 8 Januari 1863, katika tope la Sacramento, Gavana Stanford alimwaga udongo wa kwanza na Crocker alikuwapo kama mwenye kandarasi ya kipande cha kwanza. Alikuwa pia mjumbe wa bodi ya kampuni iliyompa kandarasi hiyo. Watu walipoanza kuhoji alijiuzulu kwenye bodi, na nafasi yake ikachukuliwa na kaka yake Edwin. Theodore Judah, mhandisi aliyeichora njia nzima na kuipigania sheria Washington, alikasirishwa na mpango huu. Oktoba 1863 alipanda meli kwenda New York kutafuta wawekezaji wa kuwanunua wale wanne. Aliambukizwa homa ya manjano akivuka Panama, akafariki Novemba mwaka huohuo.

Vipande kadhaa vilivyofuata viligawiwa wakandarasi wengine wadogo. Maelezo ya kampuni ni kwamba hao waligombania vibarua, wakapandishiana mishahara na kazi ikazorota, hivyo ikaonekana afadhali kila kitu kiende kwa Crocker. Mwaka 1867 kampuni binafsi ya Crocker iliachia nafasi kwa kampuni nyingine ya ujenzi, Contract and Finance Company. Mwenyekiti wake alikuwa Charles Crocker. Wenye hisa wake walikuwa Wanne Wakuu.

Ukitaka kulielewa hilo, fikiria kamati ya ujenzi wa zahanati ya kijiji. Halmashauri imetoa mkopo, wanakijiji wamechanga, wachache wamenunua vyeti vya umiliki. Wajumbe wanne wa kamati wanafungua kampuni ya ujenzi, wanaipa zabuni, wanapanga bei wao, na wanasaini hundi wao. Zahanati inajengwa kweli, tena imara. Lakini ikifunguliwa haina akiba na ina deni, wakati faida ya ujenzi imeshakaa mifukoni. Baada ya hapo zahanati ipate wagonjwa au isipate, wale wanne hawana cha kupoteza.

Bei waliyoipanga kwa kipande kirefu cha jangwani, kutoka mpaka wa Nevada kuelekea mashariki, ilikuwa dola 86,000 kwa maili, nusu taslimu na nusu hisa za Central Pacific. Jangwani, ambako hakuna mwamba wa kutoboa. Je, huo ulikuwa wizi? Wao walijitetea kwamba hapakuwa na mjenzi mwingine wa kukubali kulipwa nusu ya ujira kwa hisa ambazo siku hizo hakuna aliyezitaka, na hoja hiyo si ya kubeza. Ilikuwa hatari kweli, hasa kabla ya 1867. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kuipima faida yao dhidi ya hatari hiyo. Kashfa ya Crédit Mobilier, kampuni ya ujenzi ya mfumo huohuo iliyokuwa upande wa Union Pacific (kampuni iliyojenga reli hiyohiyo kutoka mashariki), ilipolipuka mwaka 1872, vitabu vya hesabu vya Contract and Finance Company vilitoweka. Tume ya serikali kuu iliyowahoji wahusika mwaka 1887 ilipata kumbukumbu za vinywani na vipande vya karatasi.

Tusimnyime haki yake, hata hivyo. Crocker hakuwa wa kukaa ofisini. Alikuwa pande la mtu, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 100, na alishinda njiani kwa miaka. Alilipa mishahara mwenyewe, akipita kambi hadi kambi na sarafu za dhahabu na fedha kwenye mifuko ya tandiko la farasi. Alipojieleza baadaye alijifananisha na fahali aliyechachamaa, anayepanda na kushuka njia nzima akimkoromea kila aliyechelewa. Ubunifu wa njia ulikuwa wa Judah, kisha wa wahandisi waliomrithi. Yeye alikuwa mtu wa kusukuma.

Na alikuwa na kitu kigumu cha kusukuma. Vyuma vyote vilitoka mashariki, kwa kuwa sheria iliagiza chuma cha Marekani, navyo kwa sehemu kubwa vilizunguka kwa meli ncha ya kusini ya bara la Amerika kwa miezi kadhaa. Handaki la kilele cha Sierra lilikuwa na urefu wa mita 506 ndani ya mwamba wa graniti. Walichimba shimo la kushuka katikati ili wafanye kazi pande nne kwa mpigo, na bado siku nyingi walisogea sentimita 30 tu kwa kila upande. Walijaribu nitrogliserini, baruti ya maji iliyotengenezwa palepale mlimani kwa sababu kuisafirisha ilikuwa hatari mno. Majira ya baridi ya 1866 kuingia 1867 theluji ilifunika kambi, watu wakaishi kwenye vijia vilivyochimbwa chini yake. Maporomoko yalizoa mahema pamoja na waliolala ndani.

Waliolala ndani walikuwa Wachina kwa sehemu kubwa, na juu yao kuna uongo mwingi wa kuondoa.

Mwanzoni mwa 1865 kampuni ilitangaza nafasi 5,000 za kazi, wakajitokeza mamia tu, na wengi wa hao walitaka lifti ya kuwafikisha jirani na migodi ya fedha ya Nevada. Crocker akapendekeza Wachina. Nyapara wake mkuu, James Strobridge, mtu wa matusi aliyepoteza jicho kwenye mlipuko wa baruti, alikataa: ni wadogo, hawana nguvu. Crocker akamkumbusha ni watu gani waliojenga Ukuta Mkuu wa China. Wakajaribiwa hamsini, kisha wengine hamsini, na kabla ya miaka miwili kupita walikuwa maelfu. Wanahistoria hukadiria kuwa kati ya 10,000 na 20,000 walipita katika kazi hiyo, wengi wao kutoka mkoa wa Guangdong. Kampuni iliandika zaidi majina ya viongozi wa makundi waliopokea fedha kwa niaba ya wenzao. Ndiyo maana mjukuu anayemtafuta babu yake kwenye daftari za mishahara humpata kwa nadra sana.

Inasemwa walikubali ujira mdogo bila neno. Ujira ulikuwa mdogo kweli: kuanzia kama dola 26 kwa mwezi hadi 35 kadiri miaka ilivyosogea, chakula wakijinunulia, wakati Mzungu alipata kiasi kama hicho juu ya chakula na malazi. Lakini neno walilisema. Juni 1867 maelfu yao waliweka zana chini kando ya milima, wakitaka dola 40 na saa chache zaidi za kupumzika, hasa kwa walio ndani ya mahandaki. Hawakufanya fujo. Crocker alikiri baadaye kwamba hajaona mgomo uliotulia namna ile. Jibu lake lilikuwa kufunga njia ya chakula. Juu mlimani hapakuwa na duka wala shamba, na baada ya kama wiki moja njaa ilimaliza mazungumzo.

Kuna pia hadithi ya Wachina waliotundikwa kwenye vikapu kando ya jabali la Cape Horn wakitegesha baruti. Imechorwa mara nyingi, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka, kwa kuwa mteremko wenyewe si wima kiasi hicho na simulizi zinazoitaja ziliandikwa miaka mingi baadaye. Mimi siihitaji. Theluji na nitrogliserini zinatosha.

Baadaye, kamati ya Kongresi ilipofika California kuchunguza uhamiaji wa Wachina, Crocker alisimama akawatetea kwa kauli zisizo na kona. Alisimulia walivyoshindanishwa na wachimbaji mahiri kutoka Cornwall, Uingereza, ndani ya handaki la kilele, na kila kipimo kilipochukuliwa Wachina walikuwa mbele. Aliwasifu kwa dhati, na papo hapo alikuwa akitetea chanzo cha vibarua vya bei nafuu. Sioni sababu ya kuchagua kimojawapo. Mtu huyohuyo ndiye aliyewakatia chakula. Mwaka 1882 Kongresi ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua Wachina kuingia nchini.

Mwisho wa ujenzi ulikuwa na tambo zake. Union Pacific, wakija kutoka Omaha, walikuwa wanajisifu kwa maili walizolaza kwa siku moja. Crocker akasubiri hadi umbali uliobaki upande wao usitoshe kwa jibu. Tarehe 28 Aprili 1869 watu wake walilaza maili 10 na futi 56 kwa siku, kama kilomita 16, Waairishi wanane wakibeba vyuma na mamia ya Wachina wakitandika na kushindilia. Tarehe 10 Mei njia zikakutana Promontory, Utah. Wengi huamini Crocker alikuwapo pale akigongea msumari wa dhahabu. Hakuwapo. Kati ya Wanne Wakuu alifika Stanford peke yake. Wala msumari ule haukugongewa kwa nyundo hadi mwisho: dhahabu ni laini, tundu lilitobolewa mapema, msumari ukatumbukizwa na kutolewa.

Miaka iliyobaki naipitia haraka. Mwaka 1871 Crocker aliwauzia wenzake sehemu yake, akasafiri, lakini mdororo wa uchumi wa 1873 ukawafanya washindwe kumalizia malipo, akarudi kundini. Alisimamia upanuzi wa reli ya Southern Pacific, akawekeza katika mifereji ya umwagiliaji huko Merced, akajenga Hotel del Monte kule Monterey. San Francisco alijenga jumba juu ya kilima cha Nob Hill na kununua viwanja vyote vya mtaa huo isipokuwa kimoja, cha Nicholas Yung, mfanyabiashara wa mazishi, ambaye hakuafikiana naye bei. Crocker akakizungushia ukuta wa mbao wa karibu mita 12 pande tatu, nyumba ya Yung ikakosa jua. Watu walipanda kilimani kuutazama. Wahamasishaji wa wafanyakazi wasio na ajira, ambao tangu 1877 walikuwa wakipaza sauti dhidi ya Wachina na dhidi ya matajiri wa reli kwa pumzi moja, waliutumia kama ushahidi wa jinsi watu hao walivyo. Tetemeko na moto wa 1906 viliteketeza jumba, na leo pamesimama kanisa kuu la Grace.

Crocker alifia hotelini kwake Monterey tarehe 14 Agosti 1888. Deni ambalo kampuni ilidaiwa na serikali lilikuwa bado halijaiva. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka 1875, katika kesi ya Union Pacific, kwamba hata riba haidaiwi hadi miaka 30 itimie, na Central Pacific ikanufaika na tafsiri hiyohiyo. Muda ulipofika riba ilikuwa imeshaupita mkopo wenyewe. Mwaka 1899 serikali na kampuni zilikubaliana kiasi cha dola milioni 58.8, kilipwe kwa awamu katika miaka kumi. Kililipwa chote, awamu ya mwisho mwaka 1909. Aliyelipa ni reli, yaani nauli na mizigo ya watu wa magharibi. Faida ya kuijenga, pamoja na vitabu ambavyo vingeionyesha ilikuwa kiasi gani, ilikuwa imeshaondoka miaka mingi nyuma kupitia kampuni ya mkandarasi.